Ndege Iliyokatiwa Utepe

Sogeeni karibu, wajukuu, na huyo aliye mlangoni aurudishie mlango. Hadithi hii haikutokea kwetu. Ilitokea katika nchi ya mbali sana, ingawa sijui kwa nini mvua ikinyesha huko sisi ndio tunaoloa. Mimi nilikuwako kwa bahati tu. Nilipita kuwasalimu watu, nikakaa miaka sitini na minane.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria nyingi, lakini iliyopendwa kuliko zote ni Sheria ya Utepe. Kitu chochote ambacho mkubwa amekikatia utepe, kimekamilika. Hakipungui, hakiongezeki. Kinabaki vile vile kilivyokuwa mkasi ulipofumba. Sheria ilitungwa kwa nia njema, ya kuwakomesha wezi, maana zamani mkubwa akizindua shule asubuhi, jioni mabati yako juu ya nyumba za watu. Tuliishangilia mpaka viganja vikawaka moto. Hatukujua kuwa itatufuata nyumbani.

Zahanati yetu ya Kwamgonda ilizinduliwa kabati la dawa likiwa bado tupu. Dawa zilifika kesho yake. Mlinzi akazirudisha, akasema kabati limezinduliwa tupu, yeye ana watoto, hataki kesi. Daktari wetu siku ya uzinduzi alikuwa na mafua, na mpaka leo hupiga chafya tatu kabla ya kumgusa mgonjwa, kwa kuogopa mkaguzi. Daraja la kwenda mjini lilikatiwa utepe likiwa limefika katikati ya mto. Mafundi walipokuja na nusu iliyobaki walikamatwa kwa kosa la kuongeza.

Kwa hiyo mtu wa Kwamgonda akizidiwa, njia ya kufika Hospitali Kuu ni moja tu, nayo ni hewani. Tulikuwa na uwanja wetu wa ndege, na ndege ya wagonjwa, nyeupe, yenye mstari wa kijani ubavuni. Ikinguruma juu ya mashamba, wanawake walikuwa wanasimamisha majembe na kumwombea aliyemo.

Kitendawili! Ndege wangu ana mbawa, hana kiota, hatagi, haruki, na kila asubuhi anapanguswa vumbi. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Asanteni. Katika mji wangu serikali ilihesabu ndege zake ikapata saba, sita hazina injini. Nchi nyingine ingelia. Ya kule ikafurahi, ikasema kumbe historia tunayo. Uwanja ukafungwa, ukafunguliwa tena mchana huo huo, ukiitwa Makumbusho ya Taifa ya Usafiri wa Anga. Na hiyo ndege ya saba, ya wagonjwa, iliyokuwa nzima, nayo ikatiwa humo, kwa sababu kibao kilikuwa kimeshaandikwa "Ndege Saba za Kihistoria", na kibao kilishakatiwa utepe.

*

Mwanangu Mwantumu alishikwa na uchungu Jumatatu alfajiri. Hadi jua linachomoza mtoto hakuwa amesogea. Tulimpandisha kwenye mkokoteni wa Mbaruku muuza maji, nikamwekea mto wangu chini ya kiuno, tukampeleka zahanati. Daktari alipiga chafya zake tatu, akampapasa tumbo, uso wake ukabadilika.

"Mtoto amelala ubavu, bibi. Huyu ni wa kupasuliwa. Leo. Tena kabla ya alasiri."

"Mpasue, baba."

"Kwa kitu gani? Kabati si hilo unaliona?" Akaandika barua upesi upesi. "Nendeni makumbusho. Ndege ni dakika arobaini tu mpaka Hospitali Kuu. Wambembelezeni."

"Watakubali?"

Akapiga chafya ya nne, ambayo haikuwa ya kisheria.

Mbaruku alisukuma mkokoteni kama anayefukuzwa. Mwantumu alikuwa ameuma upindo wa kanga, na kila gurudumu likiingia shimoni alinishika mkono mpaka pete ikaniumiza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mimba ya kwanza. Shati la mtoto alilishona mwenyewe, lenye mifuko miwili, nikamuuliza mtoto mchanga atatia nini mifukoni, akasema, "Mikono, mama."

Getini alikaa Bwana Kizito na daftari lake.

"Hamjambo. Karibuni katika urithi wetu. Nyinyi ni wageni, wajumbe, au wanafunzi?"

"Mimi nimeleta mgonjwa, mwanangu. Barua ya daktari hii hapa."

Aliisoma barua, akaigeuza akasoma na nyuma, kulikokuwa kweupe. "Pole sana, bibi. Lakini safu ya wagonjwa haipo. Daftari lilizinduliwa na safu tatu."

"Basi tuandike wanafunzi. Huyu anajifunza kuzaa, mimi najifunza kunyamaza."

Akatuandika wanafunzi. Nilidhani nimemshinda ujanja. Kumbe wageni huruhusiwa kupita watakako, wajumbe hupelekwa moja kwa moja kwenye soda, lakini wanafunzi lazima wafuate mishale, chumba kwa chumba, bila kuruka hata kimoja. Ndiyo elimu. Nilikuwa nimetufunga kamba kwa mdomo wangu mwenyewe.

*

Msichana wa kutuongoza aliitwa Getruda. Alikuwa na kofia ya kazi kichwani, skafu ya bluu shingoni na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimtazama Mwantumu mkokotenini, akatazama mishale sakafuni, akaanza kusema maneno yake haraka haraka kama anayesoma dua ya kufukuza nyuki.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha kusubiri. Viti vya chuma, saa ya ukutani isiyotembea, na kitufe chekundu chenye maandishi, "Jaribu Mwenyewe." Ukibonyeza, sauti tamu ya mwanamke inasema, "Tunasikitika kuwatangazia kuwa ndege imechelewa." Basi unatakiwa kukaa dakika kumi uonje walivyoonja wasafiri wa kale.

"Binti," nikamwambia, "huyu hana dakika kumi za kuonja."

"Najua, bibi. Lakini wakubwa wananiangalia kwa kamera." Akasogea karibu. "Kamera haina masikio. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwa kupasuliwa, mama alikuja na ndege hii hii. Kaeni mkao wa kusubiri, nitazihesabu dakika fupi fupi."

Tukakaa mkao wa kusubiri. Mwantumu alitoa sauti ambayo sijaisikia hata kwa ng'ombe. Na yule mwanamke wa ukutani akarudia, kwa upole ule ule, kuwa anasikitika.

Chumba cha pili kulikuwa na mizani ya kupima mizigo. Mwanafunzi anapanda, inasema, "Umezidi." Mbaruku akapanda, ikasema umezidi. Skafu ya Getruda ikawekwa peke yake, ikasema umezidi. Chumba cha tatu tulionyeshwa Ndege ya Mwasisi, iliyoruka mara moja, ikampeleka Mwasisi kwenye harusi, na kurudi akarudi kwa gari. Ndani kilikuwa kimebaki kiti kimoja chenye kibao, "Hapa Ndipo Alipofikiri." Chumba cha nne kilikuwa cha kiti cha rubani, na mbele yake kioo kikubwa chenye mawingu ya kuchorwa. Unashika usukani, unarusha, unaanguka, kioo kinaandika, "Umekufa. Jaribu Tena."

"Mwanafunzi anatakiwa aanguke mara tatu ndipo mlango unaofuata ufunguke," Getruda alisema, kisha akanong'ona, "Bibi, we anguka tu."

Nikakaa. Nikausukuma ule usukani chini kama natwanga kisamvu. Niliangusha ndege tatu kwa muda wa kumenya kitunguu. Getruda alisema hata jeshini rekodi hiyo haijafikiwa. Wageni wengine waliokuwa wakipita walinipigia makofi. Mlango ukafunguka, na uani, juani, ilikuwa imesimama ndege nyeupe yenye mstari wa kijani.

*

Ndani yake alikaa Kapteni Lukindo, rubani yule yule wa zamani, amevaa kofia. Sasa kazi yake ilikuwa kupunga mkono. Watu wakipita, anapunga. Alimpungia na Mwantumu, kisha akaona tumbo, mkono ukabaki hewani.

Nikampa barua. Aliisoma mara moja tu, tofauti na Kizito.

"Kapteni, hii ndege inaruka?"

"Inaruka sana. Kila asubuhi nawasha injini, watalii wasikie sauti. Na mafuta yamejaa pomoni, maana ilizinduliwa tangi likiwa limejaa, nikipunguza lita moja naongeza lita moja."

"Basi tupakie, twende."

Alisogea pembeni nione. Juu ya machela, amefunikwa shuka jeupe mpaka kifuani, amelala mwanamke wa nta. Shavu lake limepakwa rangi kama nyanya mbivu. Lilikuwa sanamu, limewekwa ili wageni wajue mgonjwa anafananaje.

"Shika miguu," nikamwambia Mbaruku, "mimi nashika kichwa, tulitoe."

"Bibi, utaniponza!" Kapteni alinizuia na machozi yamemlenga. "Siku ya utepe humu tulikuwa watatu. Mimi, Mheshimiwa Waziri aliyeingia kupigwa picha, naye huhesabiwa yumo hata akiwa hayumo, na hili sanamu. Likitoka, ndege imepungua. Binti akiingia, imeongezeka. Hayo ni makosa mawili, na mwenzangu mmoja amefungwa kwa kuongeza balbu. Waziri mwenyewe akitamka, narusha sasa hivi."

Getruda alikuwa ameshapiga simu. Bahati ikatuangukia, Mheshimiwa Makofi, Waziri wa Anga, alikuwa kijiji cha tatu tu akizindua kisima ambacho kilikuwa hakijafika majini. Mwantumu aliposikia Waziri anakuja alinyanyua kichwa.

"Mama, niweke kitambaa vizuri," akasema. "Nisionekane ovyo."

Nikamfunga kitambaa vizuri.

*

Waziri alikuja na ving'ora, tarumbeta sita na mpiga picha. Alishuka, akamshika Mwantumu mkono, mpiga picha akapiga. Akaushika tena, kwa sababu jua lilikuwa upande mbaya. Kisha akapanda juu ya ngazi ya ndege.

"Ndugu wananchi wa Kwamgonda! Wapo waliosema kuwa makumbusho haya hayana faida. Leo nawauliza, wako wapi?"

Tukatazamana. Wengine walikuwa magerezani.

"Leo historia haitatazamwa tu. Leo historia itapaa!"

Tarumbeta zikalia.

"Mheshimiwa," nikapaza sauti, "mtoto amelala ubavu!"

"Na sisi hatutalala!" akajibu, makofi yakapigwa. "Serikali yenu haijawahi kulala, haina hata kitanda! Mama huyu mzee amekuja na kilio. Nami nimekisikia. Naagiza ndege hii iruke!"

Jamani, nilipiga kigelegele. Sitawaficha. Nilipiga kigelegele na kumshukuru mbele za watu, nikampiga Mbaruku mgongoni alete mkokoteni. Mwantumu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Tulipofika kwenye ngazi, Waziri alinyoosha kiganja.

"Taratibu, mama. Tusivunje sheria katika siku njema. Nimetafakari. Kuruka ni kazi ya ndege, kwa hiyo ikiruka haijabadilika. Lakini ndani yake kisipungue kitu wala kisiongezeke. Siku ya utepe walikuwamo rubani, mimi, na mgonjwa." Akaingia ndani, akaweka kiganja juu ya paji la sanamu kama anayepima homa. "Mgonjwa yumo."

"Mheshimiwa," Kapteni alisema, "mgonjwa ni yule pale nje."

"Kapteni Lukindo, yule ni mgonjwa, sikatai. Lakini mgonjwa aliyezinduliwa ni huyu."

"Yule atakufa, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana tuharakishe! Washa injini!"

Nilishika gurudumu. Nililala chini mbele ya gurudumu, mzima mimi, na kanga zangu. Walinzi wawili waliniinua kwa heshima zote, wakiniita bibi, shikamoo bibi, samahani bibi, wakanipeleka kando kama wanavyohamisha kabati. Kapteni alikuwa ameinamia usukani hataki kuwasha. Mlinzi wa Waziri aliinama naye, akamwambia neno sikioni. Injini ikawaka.

Ndege ikapaa. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Kapteni alitutazama kupitia dirishani, na hakupunga mkono.

*

Tulibaki chini ya bawa la Ndege ya Mwasisi, ambalo lilikuwa limetokeza nje kupitia ukutani, kwa sababu kulikuwa na kivuli. Mbaruku alikimbilia mtoni kutazama kama maji yamepungua tuvuke kwa miguu. Maji yalikuwa ya kifua na yanakimbia. Alirudi akaenda tena, akarudi, akaenda tena.

Kizito alitoka na redio yake, akaiweka karibu yetu. Alidhani anatusaidia. Saa tano na dakika kumi redio ikasema ndege ya kihistoria imetua salama. Ikasema mgonjwa amepokewa kwa mashada ya maua na madaktari tisa. Wote wamestaajabu, maana hakulalamika hata mara moja, mapigo yake ya moyo hayakupanda kabisa, na amekataa hata maji. Waziri akasikika akisema huo ndio uvumilivu wa mwanamke wa nchi yetu.

Mwantumu alifumbua macho.

"Mama, redio inasema nimefika?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Madaktari tisa?"

"Tisa."

"Mbona bado naumwa?"

Nimetegua vitendawili tangu nikiwa sijaota meno ya ukubwa. Darasa la nne niliwashinda wavulana wote, mwalimu akanipa chaki nzima niende nayo nyumbani. Hicho sikukitegua. Na mji wa kumpa sikuwa nao.

Alasiri haikufika. Getruda alivua skafu yake ya bluu akamfunika uso, kamera inamwona, akaivua na kofia akaitupa. Waoshaji walipomtoa mtoto, naye amekwisha kufa, tulimvalisha shati lenye mifuko. Nikamtia mikono yake mifukoni, moja moja, kama mama yake alivyotaka. Tukawazika pamoja.

*

Siku ya tatu nikaitwa makumbusho. Kizito alikuwa na karatasi yenye mihuri na kidau cha wino.

Pembeni mwake, juu ya benchi la wageni, alikuwa amejikunja mwanamke anaitwa Sikudhani, wa mtaa wa pili na wetu. Mumewe alikuwa anampepea kwa mfuniko wa ndoo. Barua ya daktari ilikuwa mkononi mwake, imelowa jasho. Kidole tumbo. Apasuliwe kabla ya kesho.

"Bibi," Kizito alisema, "ndege imekwama huko. Hospitali Kuu haimruhusu mgonjwa kutoka mpaka ndugu yake akiri kuwa amepona, na bila mgonjwa ndege itakuwa imepungua, haiwezi kurudi. Ndugu aliyeandikwa humu, kutokana na ile barua ya daktari uliyompa Kapteni, ni wewe. Weka dole hapa, kwamba amepona."

"Nani amepona?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa nimemzika juzi, Kizito. Ulikuwepo. Ulishika jembe."

Akainamisha kichwa. "Nilishika, bibi. Lakini hilo ni la nyumbani. La ofisini ni hili."

Nilisimama niondoke. Nilitaka kuichana ile karatasi na kumtafunisha. Sikudhani alinitazama, na mumewe akaacha kupepea. Ndege ikirudi na sanamu lake machelani, wataishia kutazama kama mimi. Isiporudi, vile vile. Nikakaa tena.

"Kizito. Kitendawili."

"Bibi, leo jamani..."

"Sema tega."

"Tega."

"Ndege imezinduliwa na mgonjwa mmoja. Mgonjwa kapona, ana hata karatasi yenye mihuri. Humo ndani wamebaki wagonjwa wangapi?"

Alihesabu kwa vidole, akaanza upya. "Hakuna."

"Na aliyepona huruhusiwa kwenda wapi?"

"Nyumbani kwao."

"Na sheria inasemaje, ndege ikibaki bila mgonjwa, na ilizinduliwa naye?"

Rangi ikamtoka. Alichomoa kitabu cha sheria chini ya meza, akapekua, akarudi nyuma, akajifuta paji kwa tai. "Imepungua," akasema taratibu. "Mungu wangu. Imepungua! Mkaguzi anakuja Alhamisi."

"Basi jaza."

Aligeuka akamtazama Sikudhani kama mtu aliyeona mfereji wa maji jangwani. "We dada, una barua? Halali? Ina muhuri? Mwinueni, mwinueni taratibu, asije akapona!" Akapiga simu Hospitali Kuu, akipiga kelele kuwa ndege ije upesi, mgonjwa wa kujaza nafasi amepatikana. Walimjibu kuwa Kapteni Lukindo ameshakaa kwenye usukani, tangu juzi hajashuka.

Kisha Kizito akanirudia na sauti ya chini. "Lakini bibi, huyu aliyepona... lile sanamu. Likiteremshwa hapa, kwa karatasi hii ni mtu wa kwako. Lazima ulipokee. Mkaguzi atapita nyumbani kuhakikisha yupo na anaendelea vizuri."

"Lete."

"Utaliweka wapi?"

"Kitanda kipo."

Akachovya kalamu, akavuta karatasi karibu. "Jina la aliyepona?"

Sikudhani alikuwa anaguna pale benchini. Nikabonyeza dole kwenye wino, nikabonyeza kwenye karatasi, nikamtajia. Mwantumu. Nikataja la baba yake, na la babu yake, polepole, herufi kwa herufi, aandike vizuri.